Imebaki Thelathini

Baba yangu hali nyama choma. Wateja wake wakisikia hivyo watakataa, maana amewachomea kwa miaka 26 pale Kiserian. Wengi hutoka Nairobi Jumapili kanisa likiisha, wakapita Rongai na jamu yake yote, ili wakae chini ya mabati wangojee mguu wa mbuzi uliopitia mikononi mwake. Wanamwita Mkubwa. "Mkubwa, tufanyie ile kitu." Anawafanyia. Jioni anarudi nyumbani akinuka moshi hadi kwenye nyusi, anatundika jaketi msumarini, anauliza kama kuna githeri.

Nikiwa darasa la nne nilimuuliza mbona hataki nyama. Akasema, "Mami, kitu umeshinda nayo mchana kutwa, huwezi tena kukaa nayo mezani."

Ananiita Mami kwa sababu nina jina la mamake. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la nyanya wa upande wa baba, kwa hivyo tangu nizaliwe mzee amekuwa akinilea huku akiniheshimu. Huo ni mpango mzuri hadi siku utakayomkosea. Mtu mwenye jina la mama yako utamgombezaje? Baba hakujua aanzie wapi. Nilipomkosea alisema "sawa," akanyamaza, na kimya hicho kikachukua karibu miaka miwili. Kilivunjika Mombasa, kwenye meza ya plastiki iliyokuwa inazama mchangani, mbele ya samaki aina ya changu.

Lakini kabla ya samaki, nyama. Kama hujawahi kula Kiserian, mambo huenda hivi. Unashuka kwa 126 pale stejini, ama unakuja na gari lako. Unaingia buchari kwanza, si mezani. Mbuzi wamening'inia na muhuri wa mkaguzi. Unaonyesha kwa kidole: mguu, ama mbavu. Inapimwa, unalipa kwa kilo, kisha nyama inapelekwa jikoni kwa baba yangu. Hapo utangoja saa nzima, pengine zaidi, na ukimharakisha utakula mbichi. Hakuna viungo, ni chumvi tu. Kabla haijafika anakuja mtu na birika la maji ya vuguvugu na beseni, anakumiminia, unanawa huku ukiongea na wenzako. Huwa hatumwangalii usoni. Halafu nyama inakuja juu ya ubao, inakatwakatwa mbele yako, na ugali na kachumbari kando. Wenye haraka kidogo husonga mbele hadi Corner Baridi, wakala huku wanatazama Bonde la Ufa likishuka kuelekea Magadi. Sisi wa Kiserian tuna moshi na barabara.

Bahari hatuna. Maji makubwa tuliyo nayo ni bwawa. Ila kwenye buchari anakofanya baba kuna kalenda ya zamani ambayo hakuna mtu amejisumbua kuitoa, na picha yake ni mnazi ulioinama, mashua yenye tanga, na watu wawili wazungu wameketi chini ya makuti na glasi zao. Mwaka wa kalenda ulishapita. Picha ndiyo ilibaki. Baba ameitazama kila siku ya kazi akisubiri upande mmoja wa nyama uive ili ageuze mwingine.

Sasa kosa lenyewe.

Tangu shule ya msingi walimu walikuwa wakisoma insha zangu mbele ya darasa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikaanza kuuza. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, rafiki wa hosteli alinionyesha kazi ambayo nusu ya ghorofa yetu ilikuwa ikifanya usiku: kuandikia wanafunzi wa Uingereza, Marekani na Australia kazi zao za chuo. Analipwa mwenye akaunti, akaunti inakukata chako, unabaki na kitu. Nimeandika kuhusu uuguzi wa wazee, kuhusu madeni ya kampuni za ndege, kuhusu tamthilia za Shakespeare ambazo nilizisoma usiku uleule. Nilikuwa na A nyingi, zote za watu wengine. Baba anachomea watu nyama, mimi nilikuwa nachomea watu digrii, na kama yeye, ya kwangu sikuionja.

Mitihani miwili ilinipita nikiwa nimelala mchana baada ya kukesha. Kisha nikakosa semista nzima. Kufikia Mei 2022 nilikuwa nimetoka chuoni bila kumuaga mtu, na hakuna mtu aliyeniuliza niko wapi. Nyumbani sikusema. Nilijiambia nitasema nikishapata pesa ya maana, ili habari mbaya ije imebeba kitu mkononi.

Mwezi wa Septemba baba akanitumia shilingi 38,000 za karo. Ilikuwa pesa ya ng'ombe. Kumbuka mwaka huo: mvua ilikuwa imekosa misimu minne mfululizo, na Kajiado mizoga ilikuwa kando ya barabara. Ukiwa na mnyama uliuza kabla hajaanguka, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza, bei ilikuwa ya kutupa. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja tu nyuma ya nyumba, wa maziwa, na alikuwa akimnunulia nyasi kwa bei ya mkate. Akamuuza. Pesa ikaingia kwa simu yangu nikiwa nimeketi kitandani Rongai, mwanafunzi wa hewa.

Ningeirudisha dakika ileile. Vidole vyangu vilikuwa kwa simu. Badala yake nililipa diposti ya keja na nikanunua laptopu ya mtumba, maana ya kwanza ilikuwa imekufa skrini. Nilijiambia ni mkopo. Mkopo ambao mwenye pesa hajui ametoa una jina lingine, na nilikuwa nalijua.

Novemba nikampigia na kumwambia nimeacha chuo tangu Mei. Nilichagua simu kwa sababu kwa simu hakuna macho. Alinyamaza kidogo, nikasikia makaa yakipasuka nyuma yake. "Sawa," akasema. "Umekula?"

Baada ya hapo tuliendelea kuongea, usidhani vingine. Aliniuliza kama kunanyesha Rongai. Aliniuliza kama nimekula. Nikienda nyumbani alinikatia miwa. Ila chuo kilitoka kwenye mazungumzo yetu kama jina la marehemu. Na siku moja ya Jumapili, nikiwa nimekaa kando ya jiko, nikamsikia mteja akimuuliza, "Mkubwa, yule msichana wako wa kampo?" Baba akageuza mbavu. "Ako mwaka wa mwisho." Mwaka wa mwisho huo ulidumu hadi 2024.

Nikaelewa hivi: mzee anaona aibu. Alitaka digrii ukutani na sasa anailinda kwa uongo. Nilibeba maelezo hayo kila mahali, na kusema kweli yalinifaa, kwa sababu aibu ni yake na mimi sikuombwa kuilipa.

Kazi nayo ikaisha. Aprili mwaka uleule wa 2022 Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kuharamisha biashara yetu, nasi tukacheka, nani atatufuata Rongai? Kumbe aliyetufuata hakuwa polisi. Mwishoni mwa Novemba ikaja ChatGPT, na mwanafunzi wa ng'ambo akapata mwandishi asiyelala na asiyedai. Kufikia katikati ya 2023 akaunti zilikuwa kimya. Tangu hapo naandika chochote kinacholipwa: maelezo ya viatu vya kuuza mtandaoni, hotuba za harusi, makala kama hii.

Agosti 2024 binti ya ndugu yake baba aliolewa Mtwapa. Baba ndiye mkubwa katika ukoo wao, hangeweza kukosa, kwa hivyo aliacha jiko Jumamosi na Jumapili kwa mara ya kwanza tangu nipate akili. Tulipanda SGR kutoka Syokimau, 1,500 kila mmoja. Alikuja na lile jaketi lake la Kiserian, kwa sababu tulitoka nyumbani alfajiri na Agosti kwetu ni baridi ya kung'ata. Hakulivua ndani ya treni. Hakulivua Voi. Tsavo ndovu walitokea, wekundu kwa vumbi, behewa zima likainuka na simu. Baba aliwatazama kwa adabu. Alichokizungumzia ni ng'ombe tuliowapita kabla ya hapo, Emali. "Hawa wamepona," alisema, na akageuza shingo hadi wakapotea.

Harusi ilienda vizuri. Jumapili tulikuwa na siku nzima kabla ya treni ya usiku. Nikamwambia, "Baba, twende tule kando ya bahari."

"Tule nini, na kwa uncle yako kuna pilau ya jana?"

"Mimi nalipa."

Akaniangalia kwa muda. Akachukua jaketi.

Tulishuka Bamburi, tukaingia ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule watu huita Pirates. Jumapili pale ni soko. Kuna wanaokodisha tairi za kuogelea, ngamia amevalishwa shanga, wauza mabuyu na mihogo, wapiga picha wanaokuita "mrembo" bila kukutazama. Baba alisimama pale mchanga unapoanzia. Bahari haikuwepo. Ilikuwa huko mbali, mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba, na hapa karibu ni mchanga mtupu, mwani, na watoto wakichokora vidimbwi.

"Maji imeenda wapi?" akauliza, si mimi, hewa.

Mzee mmoja wa mihogo akamjibu. "Yamekupwa. Sasa yarudi mos mos. Saa kumi yatakuwa hapa uliposimama, maana hili ni bamvua, mwezi wakaribia kuwa mpevu."

"Kila siku?"

"Mara mbili kila siku. Ila kesho yatachelewa kidogo."

Baba akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa mfanyakazi wa kutegemewa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Yaani ule mchanga ni wako na wangu, hoteli ijenge ukuta mrefu vipi. Kiti ndicho si cha umma. Tulifika kwenye baa moja ya makuti, isiyo na kuta, viti vya plastiki vimepangwa mchangani, rumba inalia kutoka kwa spika moja iliyopasuka. Baba akamwuliza weita, kwa sauti ya chini, "Kukaa ni pesa ngapi?"

Weita alikuwa rika langu, amevaa ndara na aproni. Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda. "Kukaa ni bure, baba. Karibu, keti hapa pana kivuli."

Baba akakishika kiti alichoonyeshwa, akakizungusha. Kilikuwa kimetazama bahari. Akakitazamisha jikoni, ambapo kulikuwa na jiko refu la mapipa yaliyopasuliwa na mtu mmoja nyuma ya moshi. Ndipo akakaa. Nyuma yake Bahari Hindi yote, ile ya kalenda, na yeye ameipa mgongo anaangalia moto wa mtu.

"Tusker, baba? Moto ama baridi?"

"Moto."

"Haya, wa bara," weita akasema, na wote wawili wakatabasamu. Mimi nikaagiza Stoney.

Menyu ilikuja, baba akaisukuma kwangu. Weita akaelewa. Akaenda akarudi na sinia: changu watatu, tafi wawili, na kolekole mmoja mkubwa. Hapo nikamwona baba yangu akiingia kazini. Alivaa miwani. Akambonyeza changu ubavuni aone kama nyama inarudi. Akafunua mashavu atazame wekundu. Mtu ambaye kwao samaki hakuwa chakula, na aliyemla si zaidi ya mara tano maishani, alimkagua kama mguu wa mbuzi, na nijuavyo mimi hakukosea.

"Hii ilikufa lini?"

"Kavuliwa usiku wa kuamkia leo. Hebu mtazame macho, baba."

"Ngapi?"

"Huyo ni 1,500."

"Kwa nini iko juu hivyo?"

"Kusi hili. Upepo wavuma tangu mwezi wa nne, bahari ni chafu, mashua ndogo haziwezi kutoka nje ya mwamba kila siku. Samaki ni haba, bei yapanda. Njoo wakati wa kaskazi, mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, utanunua huyu kwa bei nyingine."

Baba akafikiria. Hizo ndizo hesabu anazozipenda. "Kwetu ni kinyume," akasema. "Mambo ikiwa mbaya, bei inaanguka. Jua ikiwaka kila mtu anauza kabla zife. Unaweza kuuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi." Akanyamaza. Akamrudisha changu kwenye sinia taratibu. "1,400," akasema.

"Haya, kwa sababu ni wewe." Weita akanigeukia, kisha akamrudia baba, kwa ukarimu tu wa kujaza pengo. "Na huyu bintiyo, asoma bado?"

"Ako kampo," baba akasema. "Anamaliza mwaka huu."

Nilikuwa nimelisikia hilo mara nyingi kando ya jiko la Kiserian na sikuwahi kufungua mdomo. Sijui mbona siku hiyo. Labda kwa sababu weita hakuwa mtu wetu, nami sikuwa nitamwona tena.

"Niliacha," nikasema. "Miaka miwili sasa. Sisomi."

Rumba iliendelea. Baba hakunitazama. Nilingoja uso wa weita ufanye kile ambacho nilikuwa nimeogopa nyuso zote zingefanya. Aligeuza sinia kidogo nzi wahame.

"Haya," akasema. "Huyu mwamtaka wa kuchoma au wa kupaka? Na ugali, ama wali wa nazi?"

"Kuchoma," baba akasema. "Na ugali." Akainuka na kumfuata.

Nilibaki na chupa mbili. Maji yalikuwa yameanza kurudi kweli, yakijaza vidimbwi kimoja kimoja, bila kelele, na wale watoto wakirudi nyuma hatua kwa hatua bila kukatiza mchezo. Nilijua ningefaa kumfuata mzee, na miguu ikakataa. Nikamwangalia. Alisimama upande mmoja wa jiko, mikono nyuma, mgeni. Mpishi akamwambia kitu. Baba akajibu. Mpishi akaonyesha makaa, baba akainama akachukua kimoja ambacho hakijashika moto akakigeuza mkononi. Baada ya muda akavua jaketi. Tangu Kiserian, safari nzima na harusi nzima, joto lote lile la Pwani, halikuvuliwa, na sasa mbele ya moto limetundikwa kwenye mti wa banda kama liko nyumbani. Mpishi akampa kipepeo cha ukili. Baba akapepea.

Walirudi pamoja, weita na samaki, baba na jaketi mkononi. Akaja kijana na birika na beseni. Alipoinua amimine, baba akalishika lile birika amsaidie, nusura wamwage maji yote wawili. "Niachie, mzee," kijana akasema. "Wewe nawa tu." Baba akanyoosha mikono. Alinawa polepole, akimtazama kijana usoni muda wote, na alipomaliza akamwambia asante mara mbili.

Kisha akala. Alikula choma ya mtu mwingine kwa vidole, akianza na shavu, akaramba ndimu. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kumeza.

"Anachomea vifuu vya nazi," akasema hatimaye. "Moto yake ni kali lakini inaisha haraka. Mbuzi hauwezi. Samaki ni sawa."

"Ndiyo, Baba."

"Hiyo ng'ombe nilikuwa nimepewa elfu hamsini mwezi wa sita."

Nikaacha kutafuna.

"Nikasema ningoje, labda itanyesha. Mwezi wa tisa ukaniambia wanataka karo, nikauza thelathini na nane. Singeuza. Ningeinunulia nyasi hadi mvua. Ile ya jirani ilifika mvua, ukiiona saa hii ina ndama wawili."

"Baba, nilijua umekasirika kuhusu chuo. Najua ulitaka..."

"Kampo ilikuwa yako," akasema. Hakupandisha sauti, alikuwa anatoa mwiba kwenye ulimi. "Ukitaka kuacha, uache. Mimi sikusoma na nimekula. Ng'ombe ilikuwa yangu."

Miaka miwili nilikuwa nimemwandikia baba yangu huzuni yake, kama nilivyoandikia watoto wa watu kazi zao, kwa ufasaha, na bila kumuuliza. Nilimpa aibu ya digrii kwa sababu hiyo ningeweza kubishana nayo. Ningemwambia digrii siku hizi ni karatasi, ningemtajia wenzangu wenye digrii wanaoendesha boda. Hoja nilikuwa nazo, nimezipanga. Juu ya ng'ombe sikuwa na hoja hata moja.

"Na mbona unaambia watu niko chuo?"

Akashtuka kidogo, kama swali la kijinga. "Hao watu wanangoja nyama, Mami. Nikiwaambia umetoka watauliza kwa nini. Nikiwaambia kwa nini, itabidi niseme na ng'ombe."

Ndipo nikafahamu kwamba uongo wote ule mbele ya jiko alikuwa ananisitiri mimi.

Nilikuwa na 11,000 na kidogo kwenye M-Pesa, za hotuba tatu za harusi, na ndani yake kulikuwa na bili ya chakula. Nikanawa mkono mmoja kwa soda iliyobaki, nikachukua simu, nikatuma 8,000. Sikusema kitu. Simu yake ikalia mezani kati ya ugali na mifupa. Akapangusa vidole, akavaa miwani, akaisoma meseji yote, jina langu ambalo ni la mamake, kiasi, salio. Nilitarajia atarudisha. Ndivyo wazazi hufanya kwenye hadithi: wanasema, weka mwanangu, mimi sikutaka pesa. Baba yangu hajawahi kufanya kazi kwenye hadithi.

"Imefika," akasema. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Imebaki thelathini."

"Imebaki thelathini."

"Na hii samaki ni nani analipa?"

"Mimi."

"Usitoe kwa ile thelathini."

"Sitoi."

"Basi kula. Inapoa."

Nikala. Sijui niseme samaki alikuwa mtamu kwa sababu ya vifuu, ama kwa sababu alivuliwa usiku ule, ama kwa sababu nilikuwa na njaa ya tangu Novemba 2022. Bili ilikuwa 2,400 na kitu na tipu. Tulipoinuka maji yalikuwa yamefika karibu na miguu ya viti, saa kumi kasoro kama tulivyoambiwa, na hapo ndipo baba alipogeuka na kuitazama bahari kwa mara ya kwanza sawasawa. Alisimama dakika mbili hivi, jaketi begani. "Ni kubwa," akasema. Tukaenda kutafuta matatu.

Nimekuwa nikilipa. Mwezi mwingine 2,000, mwingine 500, mwingine hakuna, na kila nikituma ananijibu kwa tarakimu peke yake, bila neno: 27,000. 26,500. Nikitaka kujua mzee anaendeleaje naangalia hizo nambari kwenye simu. Hivi ninavyoandika imebaki 11,000, na malipo ya makala hii tayari yana mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilienda Kiserian nikakaa kando ya jiko. Kalenda bado iko ukutani. Mteja mmoja wa siku nyingi, tumbo mbele, funguo za gari kidoleni, akaniona akakumbuka.

"Mkubwa, huyu si yule wa kampo? Alimaliza?"

Baba alikuwa amenipa mgongo. Akamwaga chumvi kwenye ubao, akaipangusa mikono.

"Alitoka huko kitambo," akasema. "Wewe ni mguu ama mbavu?"